Swali la mbunge lina nguvu mbele sheria ipite

Mwaka 2021 wakaaji wengi wa Lubumbashi walikuwa na lalamiko moja. Mtu anatia inite ndani ya simu, na mbele hajapiga hata mara moja, kiasi fulani kimekwisha kukatwa. Mama anayeuzisha unga ku soko ya Kenya, mwanafunzi wa UNILU, kijana wa moto ku Katuba, wote walikuwa wanaona kitu kile kile. Jina lake lilikuwa RAM, ni kusema daftari la kuandikisha simu. Simu ya 2G ilipashwa kulipa dola 1 kwa mwaka, ya 3G ao 4G dola 7. Pesa ilikuwa inakatwa kidogo kidogo, kila mara mtu anaponunua inite.

Kelele zilifika mpaka Kinshasa. Waziri wa posta na simu, Augustin Kibassa Maliba, aliitwa mbele ya Bunge ya taifa. Wabunge walimuuliza kwa ukali: nani alipanga kodi hii? Pesa inaenda wapi? Waziri alijibu kama RAM haiko kodi, ni malipo ya kazi ya kulinda watu juu ya simu za wizi na simu za bandia. Jibu lile halikutuliza mtu. Ni mwanzoni mwa 2022 tu RAM ikasimamishwa.

Watu walifurahi, lakini inite zilizokatwa zaidi ya mwaka mzima hazikurudi ndani ya simu za wenyewe.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila mara kikao cha Bunge kinapofunguliwa. Wabunge waliuliza, tena waliuliza mambo ya kweli. Shida ni kama waliuliza nyuma. RAM ilikuwa imetoka katika maandiko ya serikali yenyewe, bila mpango wa sheria kupita mbele ya wabunge na kujadiliwa kifungu kwa kifungu. Hata hivyo Katiba, ku kifungu cha 174, inasema wazi kama kodi haiwezi kuwekwa bila sheria. Swali la kifungu 174 lingeulizwa mbele inite ya kwanza ikatwe, hesabu ingekuwa nyingine.

Kwa jimbo sawa Haut-Katanga, fasi pesa ya madini inategemea mistari michache ya sheria, jambo hili linagusa barabara, masomo na maji ya kila kartie.

Aina mbili za kuuliza serikali

Watu wengi wanasikiaka kwa rediyo kama waziri fulani "amehojiwa" Bunge, na wanafikiri kuhojiwa kote ni kumoja. Lakini kuna aina mbili, na nguvu yao si sawa.

Aina ya kwanza ni kuangalia kazi ya serikali. Kifungu cha 138 cha Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 kinahesabu vyombo vyake: swali la mdomo ao la kuandika, swali la mambo ya siku, kuitwa kwa kuhojiwa rasmi, komisyo ya uchunguzi, na kusikilizwa mbele ya komisyo. Lakini Katiba inasema pia kama swali la mdomo ao la kuandika halifuatwe na kura. Waziri anakuja, anasikia, mara nyingi anaomba saa 48 kwa kutayarisha majibu, anarudi, anasoma, anaenda zake. Kama wabunge hawakuridhika kabisa, wanaweza kuleta mosheni ya kumwangusha. Kwa waziri mmoja inaomba sahihi za moja kwa kumi ya wabunge, ni kusema 50 kati ya 500. Kwa kuangusha serikali nzima inaomba moja kwa nne, ni kusema 125. Nyuma ya pale inabaki kupata kura zaidi ya nusu ya wabunge wote. Ni mlima.

Aina ya pili haisikikaki sana, kwa sababu haina kelele. Ni kuuliza serikali juu ya mpango wa sheria ambao serikali yenyewe inaleta. Katiba inapatia serikali, kila mbunge na kila seneta haki ya kuleta sheria. Ile inayotoka kwa serikali inapashwa kwanza kukubaliwa katika mkutano wa mawaziri, kisha inawekwa ku biro ya Bunge ya taifa ao ya Senati. Pale waziri anayehusika anakuja mbele ya plenieri kueleza: kwa nini sheria hii, inabadilisha nini, itagharimu nini. Wabunge wanauliza. Kama mpango umekubaliwa kupokelewa, unaenda mu komisyo, na kule kazi inaanza kweli: kifungu kwa kifungu, neno kwa neno. Mbunge ana haki ya kuleta marekebisho. Ile chumba ya pili nayo inafanya kazi yake. Kama vyumba viwili havisikilizane, komisyo ya pamoja inakaa. Kama bado, Bunge ya taifa ndiyo inakata neno la mwisho. Kisha maandiko yanaenda kwa Rais kwa kutiwa sahihi.

Tofauti kati ya aina hizi mbili ni hii: swali la kwanza linaomba waziri ajieleze, swali la pili linaweza kubadilisha maandiko. Asilimia moja ikiandikwa mu kifungu pale mu komisyo, itakuwa inalipwa miaka kumi na zaidi. Ikisahauliwa, itaombwa kwa magoti miaka kumi na zaidi.

Kode ya madini: miaka mitatu ya maswali

Mfano mkubwa kwa watu wa Katanga ni Kode ya madini. Sheria ya zamani ilikuwa ya tarehe 11 mwezi wa saba 2002. Nchi ilikuwa ndani ya vita, wawekezaji walikuwa wanaogopa, na serikali iliandika sheria ya kuwavuta. Redevansi, ni kusema pesa ambayo kampuni inalipa juu ya madini inayouzisha, ilikuwa asilimia 2 kwa shaba na kobalti. Tena ilikuwa inahesabiwa nyuma ya kutosha gharama za kusafirisha, za bima na zingine. Na kifungu cha 276 kilitia kufuli: hata sheria ikibadilika, wenye vyeti vya zamani wanaendelea na masharti ya zamani kwa miaka 10.

Bei ya shaba ilipopanda miaka iliyofuata, kila mtu aliona kama hesabu haiko sawa. Malori yalikuwa yanashuka Kasumbalesa usiku na mchana, lakini komini na sheferi zenye mashimo zilibaki na mavumbi. Mwezi wa tatu 2015, serikali ikapeleka mpango wa sheria mpya Bunge. Waziri wa madini, Martin Kabwelulu, ndiye alikuwa na kazi ya kuutetea.

Halafu bei ikaanguka. Mwezi wa tisa 2015 Glencore ikasimamisha uzalishaji ku KCC, Kolwezi. Kampuni zilisema kama huu haukuwa wakati wa kupandisha kodi. Mwanzoni mwa 2016, serikali ikaweka mpango pembeni. Hakuna kura iliyoukataa. Ulilala tu.

Mwaka 2017 bei ya kobalti ilianza kupanda kwa nguvu, juu ya betri za motokari za umeme. Mpango ukaamka. Sasa maswali yalitoka pande zote. Kampuni zilikuwa zinauliza: kufuli ya miaka 10 itaheshimiwa? Mashirika ya raia yalikuwa yanauliza: sehemu ya jimbo na ya komini itafika namna gani, wakati kila siku inabaki njiani? Bunge ya taifa ilipitisha maandiko mwezi wa kumi na mbili 2017, Senati ikafuata mwezi wa kwanza 2018, na vyumba viwili vikasikilizana juu ya maandiko mamoja.

Tarehe 7 mwezi wa tatu 2018, wakubwa wa kampuni kubwa za madini walikutana na Rais Joseph Kabila ku Kinshasa, saa nyingi. Walikuwa bado wanatafuta kubadilisha. Siku mbili nyuma, tarehe 9, Rais akatia sahihi.

Watu hawa wana ndege, wana maavoka, wana mlango wa Rais. Lakini walifika nyuma ya kura, sawa wabunge wa RAM walivyofika nyuma ya makato. Maandiko yalikuwa yamekwisha kupita vyumba vyote viwili, na mazungumzo ya saa nyingi hayakusimamisha sahihi.

Hesabu ya neno moja

Nini ilibadilika? Tukamate mfano wa kuelewa tu: kampuni moja inauzisha shaba ya dola milioni 100.

Kwa sheria ya 2002, redevansi ya asilimia 2 ilikuwa inafika karibu dola milioni 2, hata chini kwa sababu ya gharama zinazotoshwa. Mu pesa ile, asilimia 60 ilikuwa ya serikali ya kati, asilimia 25 ya jimbo, asilimia 15 ya mji ao teritware fasi mashimo iko. Ni kusema fungu la mwisho lilipashwa kufika dola 300,000. Lakini pesa yote ilikuwa inapitia kwanza sanduku la Kinshasa, na kutoka kule mpaka huku njia ilikuwa ndefu.

Kwa sheria ya 2018, redevansi ya shaba imekuwa asilimia 3.5, na inahesabiwa juu ya bei yote, bila kutosha gharama. Dola milioni 100 inatoa dola milioni 3.5. Serikali ya kati inakamata nusu: milioni 1 na elfu 750. Jimbo linakamata asilimia 25: dola 875,000. Komini, sekta ao sheferi inakamata asilimia 15: dola 525,000. Asilimia 10 inayobaki, dola 350,000, inaenda ku mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vinavyokuja. Zaidi ya ile, kampuni inapashwa kutosha asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu na mashimo. Hapa ni dola 300,000.

Kama madini imetangazwa kuwa ya mkakati, sawa kobalti ilivyotangazwa mwishoni mwa 2018, redevansi inapanda mpaka asilimia 10. Ku mauzo yale yale ya dola milioni 100, fungu la komini linakuwa milioni 1 na nusu.

Lakini faida kubwa zaidi haiko mu asilimia. Iko mu neno moja la kifungu cha 242: kampuni inalipa kila mmoja moja kwa moja, jimbo ku konti yake, komini ku konti yake. Sehemu ya huku haipiti tena Kinshasa. Hili ni jibu la lalamiko la miaka 15, na liliingia mu sheria kwa sababu swali liliulizwa wakati maandiko yalikuwa bado mabichi.

Fasi swali halikukamata

Hii haina maana kama kila kitu kilienda vizuri. Sheria ya 2018 ilijibu vizuri swali la pesa inaingia wapi. Haikujibu kwa nguvu ile ile swali la nani anaangalia pesa inapotoka.

Sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 juu ya komini, sekta na sheferi inasema kama baraza la waliochaguliwa ndilo linapiga kura ya bajeti ya kila fasi. Lakini wakati Kode mpya inaanza kutumika, mabaraza yale hayakuwepo, kwa sababu uchaguzi wa chini haukuwa umefanyika. Komini iliyokuwa inapokea pesa kidogo ikaanza kupokea pesa nyingi, na ku meza kulikuwa tu bourgmestre aliyetajwa na wakubwa. Washauri wa komini walichaguliwa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, mu komini za miji mikubwa ya majimbo sawa Lubumbashi. Kati ya sahihi ya 2018 na uchaguzi ule ni zaidi ya miaka mitano. Mkaaji aliyetaka kujua asilimia 15 imefanya nini hakuwa na mtu aliyemchagua mu komini wa kumuuliza.

Fasi ya pili inahitaji macho zaidi, kwa sababu iko ndani ya sheria nyingi. Ni pale mpango unaposema "dekre ya Waziri Mkuu itapanga". Mbunge anaona mstari mdogo, anageuza ukurasa. Lakini mstari ule ni ufunguo. Kode ya 2018 ilipatia serikali ufunguo wa kutangaza, kwa dekre, madini gani iko ya mkakati. Kwa kobalti, ufunguo ule ulileta pesa zaidi. Kisha mwaka 2019 dekre nyingine ikaunda ARECOMS, shirika la kusimamia soko ya madini ya mkakati. Mwezi wa pili 2025, bei ya kobalti ilipokuwa chini sana, ARECOMS ikasimamisha kobalti kutoka inchi. Katikati ya mwezi wa kumi 2025 ikafungua tena mlango, lakini kwa vipimo: tani 18,125 kwa mwisho wa 2025, tani 96,600 kwa mwaka 2026.

Wachunguzi wengi wanaona kama inchi ilikuwa na sababu nzuri: kupunguza kobalti ku soko kunapandisha bei. Lakini kobalti isiyotoka haileti redevansi, na jimbo linaandika bajeti yake kwa kutazamia pesa ile. Uamuzi wa uzito huo ulikamatwa bila mpango wa sheria mbele ya Bunge, kwa sababu njia ilikuwa imefunguliwa na mistari midogo ya miaka iliyopita. Mbunge akisoma mpango wowote, kila fasi anapokuta "dekre itapanga", pale njo anapashwa kusimama na kuuliza: itapanga nini, mpaka wapi, na majimbo yatasikilizwa namna gani?

Wakati barabara ndiyo iliuliza

Kuna pia hatari ya upande mwingine, wakati swali halipewi nafasi kabisa. Mwezi wa kwanza 2015, serikali ilileta mpango wa kubadilisha sheria ya uchaguzi. Evariste Boshab, waziri wa mambo ya ndani, ndiye aliutetea. Mstari mmoja wa kifungu cha 8 ulikuwa unafunga uchaguzi pamoja na kuhesabu watu wa inchi nzima. Wapinzani walisema: kuhesabu watu kutachukua miaka, ni njia ya kusukuma uchaguzi mbele. Bunge ya taifa ilipitisha maandiko tarehe 17, bila wapinzani ndani ya chumba.

Tarehe 19 watu waliingia barabarani, Kinshasa kwanza, kisha miji mingine sawa Goma na Bukavu. Kulikuwa risasi, na watu walikufa. Tarehe 23 Senati ikageuza mstari ule. Tarehe 25 Bunge ya taifa nayo ikautosha. Sheria ilibaki bila jambo lile ambalo watu walikataa.

Wengine wanahesabu hii kama ushindi wa wananchi, na ni kweli. Lakini ni ushindi uliolipwa na damu, kwa swali ambalo lingeweza kujibiwa na mbunge mmoja mwenye kalamu mu komisyo.

Miezi ileile, sheria ya tarehe 28 mwezi wa pili 2015 ilipanga namna ya kuweka majimbo mapya. Katanga ikawa mane: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Hakuna moshi barabarani juu ya sheria hii, lakini matokeo yake kwa Lubumbashi ni makubwa. Mashimo ya Kolwezi na Fungurume yakabaki Lualaba. Ilipofika 2018, asilimia 25 ya jimbo ilikuwa inagawanywa kufuata mipaka hii mipya. Sheria mbili zilizotengenezwa mbalimbali zilikutana mu sanduku moja. Haut-Lomami, lenye mashimo machache makubwa, linajua maana yake kuliko wote.

Kwa nini wabunge hawaulize

Mkaaji anaweza kusema: basi waulize! Lakini inafaa kuelewa vizuizi.

Cha kwanza ni chama. Serikali inakuwa na wabunge wengi, wakati ule wa Kabila na sasa mu Union sacrée. Mbunge wa upande wa serikali anayesimama kuuliza mpango wa serikali yake anaweza kuonekana kama msaliti. Tena kuna ujanja unaojulikana sana Bunge: waziri akibanwa, mbunge mmoja analeta mosheni ya kufunga majadiliano, wengi wanainua mkono, na maswali yanakufa pale.

Cha pili ni wakati. Kikao kimoja kinaanza tarehe 15 mwezi wa tatu mpaka 15 mwezi wa sita, kingine tarehe 15 mwezi wa tisa mpaka 15 mwezi wa kumi na mbili. Kikao hiki cha pili ni cha bajeti. Mara nyingi mipango ya sheria inarundikana siku za mwisho, na mbunge anapiga kura juu ya kurasa ambazo hajamaliza kusoma. Kati ya vikao, serikali inaweza kuomba ruhusa ya kukamata mambo fulani kwa maagizo yenye nguvu ya sheria, kufuata kifungu cha 129. Ruhusa ile nayo ni mpango wa sheria. Nayo inafaa kuulizwa.

Cha tatu ni sisi wenyewe wapiga kura. Mbunge anaporudi Lubumbashi, watu wanamuomba pesa ya kilio, pesa ya masomo, kazi kwa mtoto. Ni shida za kweli, hakuna wa kumlaumu mwenye njaa. Lakini ni wachache wanaomuomba swali. Na mbunge anayejua kama hataulizwa juu ya kura yake, anapiga kura sawa vile chama kinataka.

Asilimia 40, swali lisilozeeka

Kama kunahitajika mfano wa swali lililoulizwa nyuma mpaka likachoka, ni asilimia 40. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema majimbo yanakamata asilimia 40 ya mapato ya taifa, na yanaitosha pale pale mbele pesa iende Kinshasa. Maandiko iko wazi. Lakini tangu 2006, desturi ni nyingine: pesa inapanda kwanza Kinshasa, kisha serikali ya kati inarudisha sehemu, na mara nyingi kwa kuchelewa. Magavana wanalalamika, wabunge wa jimbo wanalalamika, mawaziri wa fedha wanaahidi.

Kila mwaka, serikali inapashwa kuweka mpango wa sheria ya bajeti Bunge tarehe 15 mwezi wa tisa. Kila mwaka, namna ya kugawanya ile pesa iko ndani ya mpango ule. Ni pale, mu komisyo ya bajeti, mbele ya kura, fasi swali la kifungu 175 lina meno. Nyuma ya kura, inabaki kuandika barua.

Na hesabu ya Haut-Katanga haiishie Kinshasa. Asilimia 25 ya redevansi inayofika ku konti ya jimbo inaingia katika bajeti ambayo gavana analeta mbele ya wabunge wa jimbo, ku Bâtiment du 30 Juin, katikati ya mji. Ile pia ni sheria ya serikali, ya jimbo. Wanaopashwa kuuliza wako hapa hapa, hawahitaji tiketi ya ndege. Barabara gani, ku komini gani, kwa kiasi gani, na ile ya mwaka uliopita iliishia wapi? Maswali haya yakiulizwa mwezi ambao bajeti iko mezani, yanaweza kuhamisha mstari. Yakiulizwa mwezi wa sita, wakati mvua imekwisha kukata barabara, yanabaki masikitiko.

Kazi ya likizo

Kati ya mwezi wa sita na wa tisa, na tena kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tatu, wabunge wako likizo. Wanarudi fasi walipochaguliwa. Huu ndio wakati ambao kamati za kartie, mashirika ya wamama, wanafunzi, wachimbaji wa mikono na makanisa wanaweza kuwaita. Mambo matatu yanatosha kwa mkutano mmoja.

La kwanza: mipango gani ya sheria serikali inatayarisha kwa kikao kinachokuja? Taarifa ya mkutano wa mawaziri inatolewa na kusomwa kwa rediyo na televisheni. Mpango ukikubaliwa pale, uko njiani kwenda Bunge.

La pili: mpango ule unagusa nini hapa kwetu, na fasi gani unasema "dekre itapanga"?

La tatu: mbunge atauliza nini, mu komisyo gani, na akirudi atatuonyesha marekebisho gani aliyoleta? Swali la mwisho hili ni la lazima. Hotuba ya plenieri inasikika kwa rediyo, lakini marekebisho yanabaki mu sheria.

Mama wa soko ya Kenya hakupata tena inite zake za 2021. Lakini komini yenye mashimo inapata asilimia 15 ku konti yake, kwa sababu neno "moja kwa moja" liliandikwa mbele sahihi ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018.